Moshi wa Nje na Mtu Asiyeweza Kusogea

Watu wengi wanaamini kwamba sheria ya sigara inaishia mlangoni. Ndani ya ofisi, ndani ya basi na ndani ya mkahawa, kila mtu anajua kuwa haruhusiwi kuwasha. Akishatoka nje anajiona huru, kwa kuwa nje kuna hewa ya Mungu isiyo na mwenyewe. Nchini Kenya imani hiyo haina msingi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, pamoja na kanuni zake za 2014, inafika hadi kwenye baraza, vijia na barabara zinazopakana na mahali pa umma. Anayepatikana na hatia ya kuvuta palipokatazwa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili.

Kampuni za tumbaku hazikuzipokea kanuni hizo kwa moyo mkunjufu. British American Tobacco Kenya ilizipinga kuanzia Mahakama Kuu, ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikafika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo Novemba 2019 iliitupilia mbali rufaa yake. Kwa upande wa sheria ya taifa, mabishano hayo yamekwisha. Iliyobaki ni kazi ya mitaani, na huko ndiko mambo yanakolegea. Amri ya kutovuta nje inavunjwa mchana kweupe kuliko amri nyingine yoyote ya tumbaku, na pale inapotekelezwa, mara nyingi inatekelezwa kwa namna inayomfanya raia amwogope askari kuliko anavyouogopa moshi.

Kwa maoni yangu, chanzo cha ulegevu huo ni swali ambalo hatujalijibu sawasawa: amri ya nje inamlinda nani? Ndani ya chumba jibu lilikuwa rahisi. Chumba kina kuta, moshi hauna pa kwenda, na kila aliyemo anauvuta. Nje ni pakubwa, upepo unapita, na asiyependa moshi anaambiwa asogee. Jibu langu ni hili: amri ya nje ipo kwa ajili ya mtu asiyeweza kusogea. Tukiishika kanuni hiyo, tutajua mahali pa kukataza, mahali pa kuruhusu, nani asimamie na sigara za kielektroniki tuzifanyeje. Tukiiacha, tutaendelea kuandika amri pana ambazo hakuna anayeziheshimu.

Sehemu mbili za kisiwa kimoja

Mfano ulio wazi zaidi naupata Mombasa, katika sehemu mbili ambazo mtu anaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu.

Ya kwanza ni kivuko cha Likoni. Jioni watu wanaporudi kusini, umati unajaa kwenye njia ya kushukia feri, bega kwa bega, ukingoja lango lifunguliwe. Huyu ana mtoto mgongoni, yule kabeba ndoo ya samaki kichwani, mwingine anamshika mkono mama yake mzee. Anga iko wazi juu yao na bahari iko mbele, lakini hakuna hata mmoja mwenye nafasi ya kupiga hatua mbili kando. Mtu mmoja akiwasha sigara katikati ya umati huo, walio karibu naye hawana la kufanya. Akitaka kuukimbia moshi, mwenye mtoto mgongoni itabidi atoke kwenye umati kabisa, aikose feri, aanze kungoja upya.

Ya pili ni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya 2019 baada ya kukarabatiwa. Watu wanakwenda kupunga upepo, watoto wanakimbizana chini ya mibuyu, wauzaji wa mihogo, madafu na viazi karai wamepanga meza zao. Hapo mgeni ana nafasi. Akikerwa na moshi wa jirani, anainuka na kuhamia kiti kingine. Mama muuza mihogo hana ruhusa hiyo. Jiko lake limekaa pale, wateja wake wanamjua pale, na mahali pale ndipo anapolipia ada. Anayevuta mbele ya meza yake anamaliza sigara moja na kuondoka. Yeye anabaki, na baada ya huyo anakuja mwingine.

Sehemu zote mbili ziko nje, na kwa mujibu wa fikra ya kawaida zinastahili amri moja. Kwa kipimo cha asiyeweza kusogea hazifanani. Likoni panahitaji katazo kamili, bila eneo la kuvutia sigara ndani ya umati wala pembeni yake. Mama Ngina panahitaji katazo kwenye viti, kwenye michezo ya watoto na mbele ya meza za wauzaji, kisha paachwe mahali palipotengwa na kuwekwa alama kwa ajili ya wanaovuta.

Moshi unafika wapi

Kuna watu wanaosema kwamba moshi wa nje hauna madhara kwa sababu unatawanyika. Hoja hiyo isipuuzwe, maana ina ukweli ndani yake. Mnamo 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Neil Klepeis, walichapisha matokeo ya vipimo walivyochukua kwenye bustani, kwenye meza za nje za mikahawa na sehemu nyingine kama hizo. Waligundua kuwa mtu aliyekaa kama nusu mita kutoka kwa mvutaji, upande unakoelekea upepo, anaweza kuvuta chembechembe za moshi kwa kiwango kinachokaribia kile cha ndani ya nyumba anamovuta mtu. Akiwa umbali wa zaidi ya mita 2, kiwango kinashuka sana. Sigara ikizimwa, hewa inasafika karibu mara moja, tofauti na chumbani ambako moshi unakaa kwa muda mrefu.

Matokeo hayo yanaipa haki kila upande. Anayesema kuwa moshi wa nje hupotea yuko sahihi, mradi kuna nafasi ya mita kadhaa kati yake na wenzake. Anayesema kuwa moshi wa nje unaumiza naye yuko sahihi, kwa sababu kwenye foleni ya matatu, kwenye lango la hospitali, sokoni na kwenye kivuko, watu hawapati hata nusu mita. Kwa hiyo kinachoamua hatari ni msongamano na muda ambao mtu analazimika kukaa hapo. Paa na ukuta ni dalili tu za mambo hayo mawili.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya milioni 1 wasiovuta wanakufa kutokana na moshi wa wengine. Wengi wao waliupata majumbani na kazini, si bustanini, na ni vyema kulikiri hilo ili tusitie chumvi. Hata hivyo kwa mwenye pumu, kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga, dakika 20 za kubanwa kando ya mvutaji hazihitaji kufikia kiwango cha saratani ndipo ziwe dhuluma. Shambulio la pumu halingoji miaka.

Tumkumbuke pia anayefanya kazi nje. Mazungumzo mengi kuhusu sigara kwenye meza za nje za mikahawa yanamhusu mteja: je, akae wapi, aagize nini, aruhusiwe kuwasha au la? Mhudumu anayepita kati ya meza hizo zamu nzima hatajwi. Bawabu anayekaa kwenye mlango ambako wafanyakazi wa jengo zima wanatokea kuvuta hatajwi. Makanga aliyesimama kwenye ngazi ya gari stejini hatajwi. Hao ndio wanaouvuta moshi wa kila mtu, kila siku, na kusogea kwao maana yake ni kuacha kazi.

Njia walizojaribu wengine

Nchi na miji mingine imeandika amri za nje kwa njia tofauti, na kila njia ina funzo lake.

Uganda ilichagua umbali kutoka kwenye jengo. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kutumika 19 Mei 2016, inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliipinga sheria hiyo, na Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi mwaka 2019. Nia ya sheria ni njema na ujasiri wake ni wa kupigiwa mfano katika kanda yetu. Tatizo linaonekana mtu anapoitembeza amri hiyo katikati ya Kampala. Duka linapakana na benki, benki na mkahawa, mkahawa na kliniki, na mita 50 za kila kimoja zinaangukia ndani ya za jirani yake. Ukizipima zote, katikati ya jiji hapabaki mahali pa kuvuta. Amri inayokataza karibu kila mahali inamwachia askari uamuzi wa lini na kwa nani itumike, na uamuzi wa namna hiyo ndio mlango wa upendeleo.

Milan, nchini Italia, ilichagua umbali kutoka kwa mtu. Tangu 1 Januari 2025 hairuhusiwi kuvuta sigara kwenye barabara na viwanja vya umma vya jiji hilo, isipokuwa mvutaji akiwa mahali palipojitenga, angalau mita 10 kutoka kwa watu wengine. Kwa fikra, hii ndiyo amri inayokaribia zaidi kanuni ninayoitetea, maana inamtazama binadamu badala ya jengo. Kwa utekelezaji ni ngumu. Watu wanatembea. Mvutaji aliyekuwa peke yake sasa hivi, baada ya muda mfupi amepitiwa na kundi la wanafunzi, na amekuwa mkosaji bila kuinua mguu.

Ufaransa ilichagua orodha. Kuanzia kiangazi cha 2025, ni marufuku kuvuta kwenye bustani za umma, kwenye fukwe wakati wa msimu wa kuogelea, kwenye vibanda vya kungojea basi, na karibu na milango ya shule, maktaba na viwanja vya michezo. Faini ni yuro 135. Orodha ina faida kubwa: kila mtu anaweza kuisoma, kibao kinaweza kusimamishwa, na hakuna haja ya kupima kwa futi. Kasoro yake ni kile kilichoachwa. Meza za nje za mikahawa hazimo, ingawa ndizo sehemu ambazo mhudumu hana pa kukimbilia. Sigara za kielektroniki nazo hazikutiwa kwenye katazo hilo.

Wilaya ya Chiyoda, jijini Tokyo, ina historia tofauti na hizo zote. Mwaka 2002 ilikuwa ya kwanza nchini Japani kuwatoza faini watu wanaovuta barabarani, yeni 2,000 kwa kosa. Haikuanza kwa hoja ya saratani. Ilianza kwa hoja ya usafi wa barabara na ya moto: mkono wa mtu mzima anayetembea huku ameshika sigara unapita kwenye usawa wa uso wa mtoto. Maofisa wa wilaya walikuwa wamejaribu kwa muda kuwasihi watu wawe na adabu, wakaona kusihi hakutoshi, wakaamua kuweka sheria. Japani ilikuja kubana uvutaji wa ndani kwa sheria ya taifa kikamilifu mnamo Aprili 2020 tu, kwa hiyo kwa karibu miaka 18 ilikuwepo wilaya ambayo mtu alitozwa faini kwa kuvuta njiani, lakini aliweza kuingia mkahawani akavuta. Chiyoda inatufundisha kwamba serikali ndogo ya mtaa inaweza kutangulia taifa. Inatufundisha pia kuwa lengo la amri likiwa usafi pekee, pumzi ya mhudumu inasahaulika.

Nikizipima njia hizo nne, naona orodha ya maeneo inatufaa zaidi, lakini iandikwe na watu wa mahali penyewe, kwa kipimo cha nani hawezi kusogea. Orodha kama hiyo haiwezi kuandikwa Nairobi kwa ajili ya kaunti zote 47. Wa Mombasa wanakijua kivuko chao. Wa Kisumu wanaijua mialo yao ya samaki. Wa Nakuru wanazijua stendi zao.

Mamlaka yapo

Baadhi ya viongozi wa kaunti husema kwamba tumbaku ni jambo la serikali kuu. Katiba ya 2010 haiwaungi mkono. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne inazipa kaunti huduma za afya katika ngazi yao, na inazipa pia udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Bunge la kaunti likitaka kutunga sheria ya maeneo yake ya nje, mlango uko wazi.

Kwa Tanzania, halmashauri za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Halmashauri yenye masoko makubwa, stendi za mabasi na foleni ndefu za abiria haihitaji kungoja Dodoma ndipo ianze kufikiria ni sehemu zipi za nje watu wake wanabanwa bila hiari.

Pamoja na mamlaka hayo, njia ya kupita ina uzito wake. Mnamo Desemba 2017 Wizara ya Afya ya Kenya ilipiga marufuku shisha. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, hapo hapo Mombasa, iliamua kwamba marufuku hiyo haikuwa halali kwa sababu utaratibu wa kuipeleka bungeni haukufuatwa, na washtakiwa wakaachiliwa. Nia ya kulinda afya haikutosha kuiokoa. Gavana au waziri wa kaunti anayetoa tamko jukwaani na kuwatuma askari kesho yake asubuhi anajenga juu ya mchanga. Sheria ipite katika bunge la kaunti, wananchi washirikishwe kweli, itangazwe rasmi, ndipo kibao kisimamishwe.

Kibiriti kilichofungwa kwa kamba

Utekelezaji tulionao unaanzia mahali pasipofaa. Unamwanzia mvutaji akiwa tayari ameshawasha, na unamtegemea askari anayezunguka. Faini inaweza kufika 50,000, kesi inaweza kuchukua siku nzima, na anayekamatwa mara nyingi ni kibarua ambaye kukosa siku moja ya kazi ni kukosa chakula. Malalamiko ambayo wakazi wa miji yetu wamekuwa wakiyatoa miaka nenda miaka rudi yanajulikana: mtu anashikwa, anazungushwa kwenye gari, anaambiwa ajisaidie. Moshi haupungui. Kinachopungua ni pesa mfukoni na imani ya raia kwa sheria.

Tazama moshi wa foleni unatoka wapi. Karibu na stendi kuna mchuuzi mwenye sinia la peremende, njugu, chingamu na pakiti mbili tatu za sigara zilizofunguliwa. Pembeni ya sinia kuna kibiriti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Mteja anatoa sarafu, anachukua sigara moja, anainama, anawasha kwa kibiriti kile kile, na kwa kuwa hana pakiti ya kuihifadhi sigara hiyo, anaivutia pale pale. Sheria ya 2007 inataka sigara ziuzwe kwenye pakiti yenye sigara zisizopungua 10. Hilo likifuatwa, sehemu kubwa ya uvutaji wa foleni inakosa mahali pa kuanzia. Sisemi mchuuzi afukuzwe, kwa kuwa sinia hilo ndilo linalomlisha. Nasema kibali chake cha kuuza stejini, kwenye kivuko au kwenye lango la hospitali kimruhusu njugu, peremende na maji, kisimruhusu sigara. Ofisa anayetoa vibali anaweza kulisimamia hilo bila kumkamata mtu hata mmoja.

Jambo la pili ni msimamizi. Kila mahali nilipopataja pana mwenye jukumu: kivuko kina wafanyakazi, soko lina msimamizi, steji ina viongozi wa chama cha matatu, hospitali ina mabawabu. Hao wapo kila siku na wanawajua watu wao. Waandikiwe wajibu wa kumwambia mvutaji azime au aende mahali palipotengwa, na eneo lenyewe likaguliwe kwa kipimo hicho. Askari aitwe pale mtu anapokataa. Faini iwe ndogo, ya kiwango kimoja kinachojulikana na kila mtu, ilipwe kwa simu kwenye akaunti ya kaunti, na risiti ije papo hapo. Tayari tunalipia maegesho ya magari kwa simu, hivyo hakuna teknolojia mpya ya kungoja.

La tatu ni mvutaji mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa wakitumia tumbaku, na kwa wanaume asilimia 19.1. Ni ndugu zetu na wazazi wetu, na wengi wao wamenaswa na nikotini tangu ujana. Amri inayosema "hapa hapana" bila kusema "pale sawa" inamwomba mraibu ashindane na mwili wake mwenyewe katikati ya mji. Eneo la kuvutia sigara ni sehemu ya ulinzi wa asiyevuta, kwa sababu linamwondoa mvutaji kwenye msongamano. Wekeni hapo pia namba ya kupiga na anwani ya kliniki ya kumsaidia anayetaka kuacha.

Eneo hilo liwekwe kwa akili. Pale Mama Ngina, upepo wa kusi unatoka baharini kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka. Mvutaji aliyesimama kwenye ukuta wa bahari anadhani moshi wake unapotelea majini, kumbe unarudi kwa waliokaa nyuma yake. Mahali pa kuvutia pawe upande wa bara, mbali na viti na njia ya kuingilia, na kabla ya kuchora mstari watu wapatazame wakati wa kusi na wakati wa kaskazi pia. Mbaharia yeyote wa Mombasa anaweza kuwasaidia maofisa kwa hilo.

Mvuke

Sigara za kielektroniki zimeleta ugumu mpya. Sheria ya 2007 iliandikwa kwa kuifikiria sigara inayowashwa kwa moto. Kifaa cha sasa hakina kiberiti, hakina majivu, kinanukia embe au mnanaa, na kijana anaweza kukivuta kwenye foleni kisha akakirudisha mfukoni kabla mtu hajageuka. Akiambiwa azime, anajibu kwamba hajawasha chochote.

Ukweli ni kwamba mvuke huo kwa kawaida una sumu chache kuliko moshi wa sigara, na anayelinganisha vitu hivyo viwili kana kwamba ni sawa anapoteza hoja yake mbele ya kijana aliyesoma. Ukweli pia ni kwamba anachokitoa mvutaji si hewa tupu. Kina nikotini, kina chembechembe ndogo na kemikali nyingine, na aliyebanwa kando yake hakuomba hata kimoja. Uganda ilikata shauri mapema kwa kuzipiga marufuku kabisa katika sheria ya 2015. Nchini Kenya, mswada wa marekebisho uliowasilishwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma mwaka 2024 ulikusudia kuziingiza sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini chini ya sheria ya tumbaku.

Kaunti isingoje. Kwenye orodha ya maeneo ambayo watu hawawezi kusogea, neno "kuvuta" lifafanuliwe liwe pamoja na moshi na mvuke. Kufanya hivyo si kudai kuwa madhara yake ni mamoja. Ni kuheshimu haki ya jirani ya kuchagua anachopumua, na ni kumrahisishia kazi msimamizi wa steji, ambaye hana maabara ya kupima kilichomo ndani ya kifaa cha kila abiria. Nje ya maeneo hayo, palipo na nafasi ya kutosha, mtu mzima abaki na uamuzi wake kuhusu mapafu yake.

Hoja ya moshi wa magari

Nikisema haya huwa naulizwa swali moja: mbona tunahangaika na sigara wakati matatu zinatapika moshi mweusi na taka zinachomwa vichochoroni? Swali ni la haki. Hewa ya miji yetu inachafuliwa zaidi na injini na moto wa taka kuliko sigara, na kaunti yenye bidii ya sigara huku imefumbia macho jaa linalowaka haistahili kuaminiwa. Lakini mzigo mmoja haufuti mwingine. Moshi wa gari unatoka barabarani, na tunapaswa kuupunguza kwa ukaguzi wa magari. Moshi wa sigara kwenye foleni unatoka shubiri moja kutoka usoni mwa mtoto, na kuuondoa hakuhitaji mkopo wala mtambo. Mtu mmoja akisogea mita chache, umeondoka. Ni nadra sana kupata hatua ya afya ya umma yenye gharama ndogo kiasi hicho.

Kwa hiyo naziomba kaunti za pwani, na za bara vilevile, ziandike sheria fupi. Iwe na orodha ya maeneo yenye msongamano usiokwepeka: vivuko, stendi, foleni za umma, milango ya hospitali na shule, masoko, viwanja vya watoto, na meza za nje ambako wahudumu wanafanya kazi. Iwe na msimamizi anayetajwa kwa kila eneo, faini ndogo yenye risiti, kibali cha uchuuzi kisichoruhusu sigara ndani ya maeneo hayo, na mahali pa kuvutia palipochaguliwa kwa kuuangalia upepo. Isizidi hapo. Amri fupi inayotekelezwa kila siku inaokoa mapafu mengi kuliko amri kali inayokumbukwa wakati wa msako.

Na siku bunge la kaunti litakapoitisha kikao cha kushirikisha umma, lisitosheke na wenye hoteli, wanasheria na wajumbe wa kampuni za tumbaku, ambao hawakosi nauli wala nafasi ya kuhudhuria. Kikao kifanyike jioni, karibu na kivuko au sokoni, ili muuza mihogo, bawabu, makanga, muuguzi na mama mwenye mtoto mwenye pumu waweze kufika, na mvutaji naye aje aseme ni wapi angekwenda kama angeonyeshwa mahali. Orodha itakayotoka kwa watu hao itakuwa sahihi kuliko yoyote inayoweza kuandikwa mezani, kwa sababu wao ndio wanaojua, eneo kwa eneo, ni nani asiyeweza kusogea.